Lori Ambalo Halikuwa Kwenye Mahubiri

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mkalimani wa ibada ya saa nne katika kanisa letu la Arua, na kwa miaka hiyo yote nimekuwa nikielewa maneno manne kati ya kumi. Nasema mapema ili mtu asije akanivizia mbele. Mhubiri mgeni akija, anasimama kulia na Kiingereza chake, mimi nasimama kushoto na koti langu la kijivu, na kipaza sauti ni kimoja, tunapokezana kama watu wanaokula kwa kijiko kimoja. Yeye anasema. Mimi nachukua yale maneno manne, nayapanga, na yale sita yaliyopotea nayatengeneza mwenyewe.

Msiniite mwongo. Mwongo ni yule anayekwambia barabara ni nzima huku daraja limekatika. Mimi nilikuwa naziba mashimo.

Kiingereza changu nilikiokota Oraba, mpakani na Sudan. Nilivuka kutoka Ariwara, upande wa Kongo, nikiwa na miaka kumi na tisa, nikapata kazi ya kupakia na kupakua malori yanayokwenda Kaya. Kiingereza cha pale ni cha kazi: rudi nyuma, simama, mzigo umezidi, karatasi ziko wapi. Ukiwa na Kiingereza cha namna hiyo, kila mahubiri yanaingia ndani ya lori. Mhubiri akitaja safari, nasema lori. Akitaja mzigo, lori. Akitaja neema, neno ambalo sikulielewa hadi mwaka huu, nasema lori pia, ila hilo linakuwa na matairi mapya.

Lori lenyewe lilikuwa lile lile siku zote. Limebeba chumvi, limezama kwenye tope kati ya Koboko na Oraba, siku nne, mvua haikatiki. Dereva amekata tamaa. Chini ya lori amelala kijana mpakiaji, ana homa, hana hata shati kavu. Siku ya nne anatokea bibi mmoja kutoka nyumba ya karibu, amebeba mlango kichwani. Ameung'oa kwenye nyumba yake mwenyewe. Anauweka chini ya gurudumu, anasema, haya, washa. Lori linatoka, mlango unapasuka vipande viwili, na kijana anapomwomba radhi, bibi anasema hata hivyo joto la mle ndani lilikuwa limemsumbua muda mrefu.

Watu walikuwa wakilia. Annie, mke wangu, hukaa benchi la pili karibu na dirisha, na mlango ukifika chini ya gurudumu, ncha ya kitenge chake hupanda machoni. Kila mara, kana kwamba hajawahi kuisikia. Alidhani wahubiri wote duniani wamesoma kitabu kimoja. Nami nikiiona ile ncha ikipanda, nilijua nimehubiri. Namaanisha, nimetafsiri.

Kwamba kijana wa chini ya lori nilikuwa mimi, hilo sikumwambia mtu yeyote, hata Annie. Nilipomwoa nilikuwa tayari nina duka la vipuri vya pikipiki na koti. Sikuona sababu ya kumrudisha kwenye tope.

Basi mwaka huu, kabla ya mvua, mwanetu Dany aliyeko Kampala akamtumia mama yake simu ya kupapasa. Annie ni fundi cherehani, banda lake liko mkabala na duka langu, na simu aliitaka ili atafute mitindo ya kola. Siku ya tatu akaniita kwa sauti ambayo huitumia nyoka akiingia.

"Papa Dany, kuja uone. Iko mama moja huku ndani anafundisha Kingereza na sindano."

Nikavuka barabara. Kweli, kulikuwa na mama mnene mwenye miwani, ameketi jikoni kwake, anashika kifungo, anasema jina lake. Anashika uzi, anasema jina lake. Anatunga uzi kwenye sindano, anasema anachofanya, polepole. Ilikuwa tovuti yake mwenyewe, masomo sitini, bure.

"Hata mutoto anaweza kuelewa," Annie akasema.

"Na wewe una kazi gani na Kiingereza?" nikamwuliza. "Kwani mimi niko wapi?"

"Wewe iko. Lakini nataka kusikia na masikio yangu."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na kwamba nilirudi dukani nikiwa na furaha yangu yote.

Mke wangu si mtu wa kula kitu kizuri peke yake. Alipomaliza masomo matano akaiweka anwani kwenye kikundi cha Wasap cha akina mama wa ibada ya saa nne, arobaini na wawili kwa hesabu. Wiki iliyofuata akagundua tovuti ya pili, yenye picha, ukigusa picha inatamka. Halafu ya tatu, ya mzee fulani anayesoma habari za dunia taratibu kama anayemsomea mgonjwa. Akawa na utaratibu wake: tovuti inajaribiwa wiki nzima kwanza. Ikiomba namba ya benki, ni mwizi. Ikimaliza bando kabla ya somo kuisha, ni mlafi. Ikipita vyote hivyo, Annie anatuma sauti kwenye kikundi: "Hii iko safi, mushike."

Wasio na simu wakaandikiwa kwenye karatasi. Karatasi zikalowa, zikafungiwa karanga, zikapotea. Hapo ndipo akaingia Night Poni. Huyu ni Mkakwa wa Koboko, anadarizi milaya, yale mashuka ya maua ambayo kwetu hutandikwa mgeni wa heshima akija, na kila mwezi hushuka Arua kununua nyuzi kwa Annie.

"Karatasi inapotea," akasema. "Milaya hakuna mutu anatupa."

Akadarizi anwani zote za Annie kwenye shuka moja jeupe, kila moja kwa rangi yake. Nukta ni vifundo vyekundu. Mikwaju, ile mistari ya mshazari, ni vijiti vya maua. Akina mama wakalitundika ukumbini, pembeni ya matangazo ya ndoa, na baada ya ibada watu walisimama mbele yake na simu zao kama kwenye foleni ya maji. Ilikuwa kazi nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu kwenye anwani ya nne Night Poni aliona pamebaki nafasi akaweka ndege. Mchungaji wetu Acidri alihangaika siku mbili. Alikuwa akimtafuta yule ndege kwenye simu.

Mji ukaingia wazimu. Sina neno jingine. Tovuti ya picha ilikuwa na somo la msafiri anayeuliza njia ya jumba la makumbusho, na kwa majuma matatu sokoni hukuweza kununua nyanya kabla hujaulizwa kwa Kiingereza jumba la makumbusho liko wapi, nawe ujibu kwamba upite benki, ugeuke kushoto. Somo jingine lilifundisha adabu za hali ya hewa. Wanawake wakawa wanaombana radhi kwa ajili ya mvua, mvua ile ile ambayo mashamba ya Logiri yaliililia tangu mwezi wa pili. Kwenye bomba la maji nilimkuta mama mmoja akimweleza mwenzake kwamba hiki ni kifungo, na mwenzake akikubali kwamba ndiyo, hicho ni kifungo, na wote wawili hawana kifungo chochote mkononi, wanacheka hadi ndoo zinafurika.

Mimi pia nilicheka, mpaka Jumapili moja ya mwezi wa saba Mchungaji Acidri aliposimama na tangazo. Ibada ya shukrani ya mavuno mwaka huu tutaungana na wenzetu wa Koboko, kwao. Mhubiri atakuwa mama Helen, yule wa Kampala aliyewahi kutujia miaka mitatu nyuma, ambaye Kiswahili chake huishia kwenye salamu. Mkalimani, Mzee Zéphyrin, kama kawaida.

Watu wakapiga makofi. Annie akageuka kwenye benchi lake akanitazama kwa furaha tupu.

"Sasa tutasikia yeye, halafu tutasikia wewe," akaniambia njiani kurudi nyumbani. "Mara mbili. Karamu."

Zilibaki wiki tano. Wiki tano, halafu wanawake arobaini na wawili waliofundishwa na mke wangu mwenyewe wangesimama Koboko na masikio mapya, wanisikie nikimtia mama Helen ndani ya lori ambalo hakulipanda. Wale wengine wangenicheka, nami ningevumilia, nina ngozi ngumu. Lakini benchi la pili karibu na dirisha? Mwanamke aliyelia miaka kumi na mmoja ajue alikuwa analilia kitu kilichotoka mfukoni mwa mumewe? Hilo niliona nitakufa nalo.

Nikafanya ujinga kwanza. Nilimwendea Mchungaji Acidri ofisini, nikamwambia tovuti hizi zinawaharibu akina mama, wanaacha Neno wanashika vifungo.

"Mzee, hiyo maneno nimesikia," akasema, akatoa visikilizio masikioni. "Lakini mimi iko somo ya kumi na tisa."

Halafu Annie, kwa wema wake, akanimaliza. Ana desturi ya kurekodi kila mahubiri, na mahubiri ya mama Helen ya miaka mitatu iliyopita alikuwa nayo kwenye kadi ya simu ya zamani. Akayatafuta, akayatuma kwenye kikundi, na kwangu pia. Kiingereza cha mama Helen, halafu Kiswahili changu, Kiingereza, Kiswahili, dakika arobaini. "Mama wote musikilize, tujizoeze," akaandika. Mke wangu alikuwa amewagawia watu arobaini na wawili ushahidi wa kesi yangu, na akaweka maua mwishoni.

Siku mbili zikapita. Walinisalimu kama kawaida, ila niliona kama salamu zimekuwa ndefu kidogo, na mara mbili nilipopita mbele ya banda la Annie cherehani ilinyamaza.

Hapo nikaamua kusoma. Sikuwa na njia nyingine. Nilikwenda ukumbini siku ya kazi, nikajifanya nasifu ushonaji wa milaya, nikanakili anwani tatu kwenye kiganja. Nikanunua bando kwa simu yangu ya dukani. Kisha kila adhuhuri nikafunga duka, nikapanda baiskeli hadi Ayivu, kwa rafiki yangu Asiku, ambaye ana ekari mbili za muhogo mrefu kuliko mimi, nikaingia katikati ya muhogo na visikilizio vyangu.

Nilianza na mama wa vifungo. Sikutegemea kumpenda. Lakini yule mwanamke hakuwahi kunicheka, hata niliporudia somo la tatu mara kumi na nne, na siku moja, kwenye somo la kumi na moja, akasema sentensi nzima ndefu kuhusu koti la marehemu mumewe ambalo bado analishona vifungo ingawa hakuna anayelivaa, nami nikaielewa yote. Yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuziba shimo hata moja. Niliruka. Nina miaka hamsini na mbili na niliruka katikati ya muhogo, nikayarudia maneno yake kwa sauti mara tatu.

Asiku alikuwa amesimama mwisho wa mstari na jembe.

"Mzee," akasema, "muhogo yangu inajibu nini?"

Nilimwambia ninasali. Kufikia jioni Ayivu nzima ilijua kwamba Zéphyrin amepewa lugha mpya na Roho, na sikusahihisha, kwa sababu kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Nikawa kama mtu aliyepata macho. Niliwaelewa watangazaji wa mpira kwenye redio. Nilielewa maandishi kwenye makopo ya mafuta niliyoyauza miaka minane. Nilisoma mwongozo wa pikipiki kutoka mwanzo hadi mwisho, nikagundua kuna kifaa kimoja nimekuwa nikiwauzia watu kama kitu kingine. Nilikuwa nakwenda na baiskeli peke yangu natabasamu, na watu wa barabarani walinitabasamia pia bila kujua sababu.

Wiki ya nne nikajikaza, nikasikiliza ile rekodi.

Mama Helen alikuwa amezungumzia shilingi iliyopotea. Mwanamke ana shilingi kumi, moja imepotea, anawasha taa, anafagia nyumba, anaipata, anawaita majirani wafurahi. Basi. Ni habari fupi ya Biblia, ninaijua tangu utotoni, na sikuwa nimeitambua. Mimi nilishika mwanamke, nyumba, kupotea na furaha. Yeye anasema sentensi mbili, mimi nasema kumi na mbili. Yeye anafagia, mimi nazamisha lori. Yeye anapata shilingi, mimi namng'oa bibi mlango. Na nyuma ya sauti yangu unawasikia watu: kwanza kimya, halafu pua, halafu mtu mmoja karibu kabisa na simu anavuta pumzi kwa kwikwi, na huyo ni Annie. Halafu mama Helen anauliza kitu kwa sauti ndogo, pembeni ya kipaza sauti. Miaka mitatu nyuma nilidhani ananipongeza. Sasa nilisikia vizuri. Alikuwa ananiuliza, wanalia nini?

Nilikaa chini kwenye udongo. Nilicheka mpaka nikaona aibu, na aibu iliponishika sikuweza tena kucheka. Nikajiapiza palepale. Koboko nitatafsiri kila neno, kama lilivyo, hata kama ni kavu. Annie asipate pa kunishika.

Jumapili ya mavuno tukaondoka Arua asubuhi, watu sitini nyuma ya lori la kukodi pamoja na maboga, mbuzi wawili na mtama. Ndiyo, lori. Akina mama walipolipanda walitazamana, mmoja akakohoa, na nikajifanya nakagua tairi.

Kanisa la Koboko lilijaa hadi nje chini ya turubai. Night Poni alikuwa ametandika milaya mezani mbele. Mama Helen akasimama kulia, mwembamba, na karatasi zake. Mimi kushoto, koti la kijivu. Akaanza, na Mungu wangu, nilimwelewa. Shukrani ina sehemu nne, akasema. Nikasema, shukrani ina sehemu nne. Sehemu ya kwanza ni kukumbuka, akasema. Nikasema hivyo hivyo. Nilikuwa naelea. Hakuna neno lililonipita. Neema ilipokuja niliipokea kwa mikono miwili nikaiita neema. Nilipomaliza sehemu ya kwanza nilimtazama Annie, nikitegemea sijui nini, na Annie alikuwa ananitazama kama mtu anayemtazama jirani mpya.

Sehemu ya pili, mtoto mmoja akalala. Sehemu ya tatu, mbuzi akalia nje na watu wakageuka kwa shauku. Kabla ya sehemu ya nne sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma kabisa, ya chini lakini kanisa zima likasikia.

"Lori iko njiani?"

Vicheko vikapita kwenye mabenchi kama upepo. Nikatafsiri sehemu ya nne bila kuinua macho, vizuri, naapa, na ncha ya kitenge cha benchi la pili haikusogea hata mara moja.

Baada ya ibada nilikaa na sahani yangu ya ugali wa muhogo nyuma ya turubai, peke yangu. Hawakuniacha. Night Poni akaja mbele, na nyuma yake akina mama kama sita, na nyuma yao Annie.

"Papa, wewe iko na homa?" Night Poni akauliza.

"Hapana."

"Basi kwa nini leo unatupimia maneno?"

"Nimesema yote aliyosema mama Helen," nikajibu, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. "Hakuna neno nimeacha. Mlitaka nini?"

"Ile ya mama Helen tulisikia na masikio yetu. Shukrani iko na sehemu ine. Halafu wewe unasema, shukrani iko na sehemu ine. Sasa tunasikia mara mbili ya nini?"

Nikaweka sahani chini. Hakukuwa tena na pa kujificha.

"Mlisikiliza ile rekodi," nikasema.

"Wote," akasema Night Poni. "Siku nilikuja kununua nyuzi, tulicheka mpaka Mama Dany akaanguka kwa kiti."

Nikamtazama Annie. Akaketi kwenye benchi kando yangu, akavuta kitenge akafunika magoti.

"Mimi nilijua mbele ya kutuma rekodi," akasema. "Somo ya tisa. Nilisikiliza peke yangu. Nikasikia shilingi. Nikangoja lori. Nikarudisha nyuma, nikangoja tena. Lori hakuna."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nafikiri. Miaka kumi na moja nalia juu ya hii maneno, nasema, Mungu, asante kwa hawa watu wa mbali, wanajua namna ya kusema na moyo yangu. Kumbe hawakusema." Akakunja ncha ya kitenge chake. "Nilituma kwa kikundi juu nilitaka wajue pia ni nani alikuwa anasema."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Mchungaji Acidri akaja na mama Helen, ambaye naye alikuwa na swali lake, na alilileta moja kwa moja kwangu kwa Kiingereza, nami nikalielewa. Miaka mitatu iliyopita, alisema, nilihubiri Arua habari ya shilingi, na watu wakalia. Tangu siku hiyo nimehubiri shilingi ile ile mahali pengi, kwa maneno yale yale, na hakuna mtu hata mmoja aliyelia. Nimejiuliza kosa langu ni nini. Naomba uniambie kilichotokea Arua.

Akina mama waliokuwa wamefika somo la tisa na kuendelea walilielewa pale pale. Wengine wakatafsiriwa. Turubai zima likaangua kicheko, Acidri akashika tumbo, na mama Helen akawa anatutazama mmoja mmoja, anacheka bila kujua anacheka nini.

"Mzee," Acidri akasema alipopata pumzi, "simama umwambie. Yote. Kipaza sauti iko."

"Kwa Kiingereza siwezi. Kuelewa naelewa, kusimulia bado."

"Sema na Kiswahili yako," akasema Annie. Tayari alikuwa amesimama. "Mimi nitafasiri."

Basi tukasimama. Safari hii mimi kulia, yeye kushoto, kipaza sauti kimoja. Watu wakarudi kwenye mabenchi na sahani zao. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote: kulikuwa na lori, limebeba chumvi, limezama kwenye tope kati ya hapa na Oraba. Annie akayasema kwa Kiingereza, kile cha mama wa vifungo, polepole, kila neno limeshikwa juu lionekane. Nikasema mvua. Akasema mvua, na akamwomba mama Helen radhi kwa ajili ya mvua hiyo, kama alivyofundishwa. Nikasema dereva amekata tamaa. Akasema hivyo hivyo.

Nikasema, chini ya lori amelala kijana mpakiaji, ana homa, hana hata shati kavu.

Annie akachukua kipaza sauti, na hakukirudisha mara moja. Alisema sentensi moja, halafu ya pili, halafu ya tatu, na kanisa likatulia, kwa sababu hata wale wasiojua Kiingereza walijua nimesema kidogo na yeye anasema kingi. Alikuwa anamtazama mama Helen. Halafu akageuka akanitazama mimi, na akaendelea kwa Kiingereza, akijua kabisa ninaelewa.

Alisema: kijana huyo ni mume wangu. Hajawahi kuniambia. Nimelijua wiki hizi, nikisikiliza sauti yake kwenye simu, jinsi inavyoshuka kila akifika chini ya lori. Nimemlilia miaka kumi na mmoja bila kujua ni yeye, na sasa nataka ajue kwamba ningeolewa naye hata akiwa na tope.

Akanirudishia kipaza sauti. Mama Helen alikuwa anafuta miwani. Kwenye benchi la mbele Night Poni akamkumbusha jirani yake kwa kiwiko anyamaze, wakati hakuna aliyekuwa akisema.

Nilielewa kila neno. Halafu nikasema, siku ya nne akatokea bibi mmoja amebeba mlango kichwani.